Bustani ya Pasaka: kazi za Juma Kuu kwa watoto nyumbani, hapa Dodoma

Maua na vifaranga tunavyoviona kwenye kadi za Pasaka vimetoka nchi za kaskazini, ambako sikukuu hii hukuta baridi kali ndiyo inaisha. Dodoma Pasaka hukuta mvua zinaaga, uwele una masuke shambani, na mahindi mabichi yako jikoni. Nafundisha Shule ya Jumapili, na mzazi anayeniuliza aanzie wapi desturi hizi nyumbani namjibu: anza na mbegu. Matawi, kuosha miguu na mayai unaweza kuyaandaa kwa siku moja. Mbegu haikimbizwi.

Kwanza ujue tarehe. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza unaoangukia Machi 21 au baada yake, ndiyo maana hucheza kati ya Machi 22 na Aprili 25. Mwaka 2027 ni Machi 28, mwaka 2028 ni Aprili 16. Kanisa hufuata jedwali lake la mwezi, kwa hiyo linaweza kupishana na mbingu kwa siku moja hivi, lakini mtoto wa miaka saba anaweza kabisa kuutazama mwezi kila jioni na kukuambia Pasaka imekaribia. Mpe kazi hiyo. Haina gharama.

Sasa bustani. Ni desturi ya siku nyingi hasa kwa Waanglikana: sinia la udongo lenye kaburi dogo, kilima cha misalaba mitatu na majani mabichi. Tafuta trei ya bati au beseni pana, au pasua dumu la lita 20 kwa urefu na utumie nusu yake. Toboa matundu sita au saba chini kwa msumari, kisha jaza udongo kina cha sentimita 5 hivi. Udongo wetu mwekundu ukiachwa peke yake hufanya gamba gumu baada ya kumwagiliwa mara mbili, na chipukizi hushindwa kulipasua. Changanya sehemu mbili za udongo na sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Mbegu napendekeza uwele. Unaota haraka kwa joto letu, na watoto wanaujua tangu kwenye uji. Chombo cha sentimita 40 kinatosha robo kikombe cha chai. Chukua uwele uliopurwa tu, ambao haujakobolewa: uliokobolewa kwa ajili ya unga umeshapoteza kiini na hautaota hata ukiuombea. Wala usitumie mbegu za pakiti zilizopakwa dawa yenye rangi, maana watoto watazishika na vidole vitaishia mdomoni. Loweka usiku mmoja, usipitishe hapo, mbegu ikikaa majini sana hukosa hewa na kuoza. Asubuhi chuja, tandaza, funika kwa udongo wa sentimita moja, nyunyizia maji kwa mkono. Usimwage kwa kikombe, mbegu zote zitakimbilia pembeni.

Uwele huchomoza siku ya tatu au ya nne, na wiki ikitimia una kimo cha kidole. Basi panda Jumamosi, mkesha wa Jumapili ya Matawi. Mtama huchelewa kidogo. Ukitaka mahindi, panda Jumatano iliyotangulia.

Panapoharibika ni palepale kila mwaka. Kuku hufukua trei yote kwa dakika mbili, kwa hiyo iweke juu ya meza au ukuta. Mzazi akiogopa kuku akaificha ndani ya stoo, miche hutoka mirefu, ya njano, na kulala kifudifudi kwa kukosa mwanga. Dirishani panafaa zaidi. Sisimizi nao hubeba mbegu moja moja: kama trei iko juu ya meza, simamisha miguu ya meza ndani ya makopo yenye maji.

Kaburi tengeneza kwa chungu kidogo kilichovunjika. Kilaze ubavu, kifukie kwa udongo mpaka ubaki mdomo tu, na usugue kingo zake kwa jiwe zisimkate mtoto. Jiwe la kuziba mlango wakatafute watoto wenyewe, na Dodoma hatujawahi kupungukiwa mawe. Misalaba ni vijiti vya mwarobaini vilivyofungwa kwa katani. Angalizo moja kubwa: mtoto asivunje vijiti vya mnyaa kwenye uzio. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza vibaya sana. Ikitokea, osha kwa maji mengi yanayotiririka na umpeleke hospitali mara moja.

Jumapili ya Matawi watu wa huku hubeba chochote kinachopatikana, na sioni ubaya. Ila kwa msalaba wa kusuka unahitaji kuti la mnazi au ukindu; waulize kina mama wanaosuka mikeka. Kazi hii si ya kitoto tu: Masasi, kusini mwa nchi yetu, kwa miaka mingi imesukwa misalaba iliyosafirishwa hadi makanisa ya Uingereza. Kwa mikono midogo njia rahisi ni vipande vitatu vyenye upana wa sentimita moja. Kipande cha sentimita 30 kikunje katikati, huo ndio mlingoti. Cha sentimita 20 kunja ncha zake zikutane katikati, hiyo ni mikono. Weka mikono juu ya mlingoti, theluthi moja kutoka juu, kisha zungusha kipande cha tatu kwa mshazari mara mbili kulia na mara mbili kushoto, na ncha uichomeke mgongoni. Jani bichi kabisa husinyaa likikauka na fundo hulegea. Jani kavu hupasuka. Acha jani bichi linyauke siku moja kivulini, au loweka kavu nusu saa. Msalaba huo utundikwe mlangoni mpaka Kwaresima ijayo, urudishwe kanisani kwa ajili ya majivu. Msichome wala kujipaka majivu wenyewe nyumbani: majivu yaliyochanganywa na maji hugeuka magadi na kuchubua ngozi ya mtoto.

Alhamisi Kuu jioni, osheni miguu, kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake kwenye Karamu ya Mwisho. Watoto wetu wanaoga miguu kila siku kwa sababu ya vumbi, kwa hiyo tofauti iwe kwenye mkao: mtoto akae kwenye kiti, baba au mama apige magoti. Kisha mkubwa amwoshe mdogo wake. Maji ya vuguvugu, lita moja kwa mtu, bila sabuni, ili mkimaliza maji yakamwagilie bustani. Kwa kukumbuka divai ya karamu hiyo, kama zabibu za Hombolo bado zipo sokoni, ponda nusu kilo, chuja, mnywe papo hapo. Isilale mpaka asubuhi, kwani hamira ya asili iliyoko kwenye maganda huanza kuchachusha juisi haraka kwa joto hili.

Ijumaa Kuu iwe fupi. Kwa Wakatoliki kuacha nyama kunaanza miaka 14 na kufunga chakula miaka 18, kwa hiyo mdogo asilazwe njaa. Ugali wa mtama na mlenda unatosha kumwonyesha kuwa leo si siku ya karamu. Katika vituo 14 vya Njia ya Msalaba, wa chini ya miaka minane atamudu vinne. Saa tisa alasiri, saa ileile inayotajwa katika Injili, mtoto azibe kaburi kwa jiwe. Jumamosi usiku wakishalala, mzazi aliondoe na kuacha ndani kitambaa cheupe kilichokunjwa. Usiwaambie kitu.

Mayai si desturi ya Ugogoni, lakini yana historia yake: zamani Wakristo wengi hawakula mayai wakati wote wa Kwaresima, hivyo yalirundikana hadi Pasaka. Chemsha Jumamosi mchana. Dodoma iko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, basi ongeza dakika moja: la kienyeji dakika 10, la kisasa 12. Yai lililotagwa jana halimenyeki vizuri. Tumia la siku tano au zaidi.

Rangi bora ni maganda makavu ya vitunguu. Vikombe viwili vilivyoshindiliwa, maji lita moja, chemsha nusu saa, chuja, tia siki vijiko viwili vya chakula, acha ipoe. Tumbukiza mayai sita kwa nusu saa upate hudhurungi, au masaa mawili upate rangi nzito. Bandika jani la giligilani lililoloweshwa, lifunge kwa kipande cha soksi ya nailoni, na umbo lake litabaki jeupe. Choya inavutia lakini inadanganya: maji mekundu, yai linatoka la kijivu, na tindikali yake hula ganda. Ukiitumia usiongeze siki.

Mayai yaliyochemshwa yasikae nje ya friji zaidi ya saa mbili kwenye joto. Kwa hiyo yafiche uani Jumapili baada ya ibada, si alfajiri, na uandike kwenye karatasi uliyoficha ni mangapi na wapi. Lililosahaulika chini ya boga utalijua Jumatano, kwa pua.