Bibi Anasahau, Miguu Ina Ganzi: Msiseme "Ni Uzee Tu"

Bibi amekuwa msahaulifu. Si uzee tu huo?
Hapana. Mzee kutafuta jina la jirani na kulikumbuka baadaye ni kawaida. Kupotea njia ya sokoni aliyoizoea, au kuuliza jambo lile lile mara tano kabla ya chai kwisha, si uzee. Wala hajarogwa. Aletwe apimwe. Zipo sababu zinazotibika, na mojawapo ni upungufu wa vitamini B12.

B12 inafanya nini?
Inasaidia kutengeneza damu na utando unaokinga mishipa ya fahamu. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku.

Mbona anakula vizuri?
Anakula nini? Chai ya rangi na mkate asubuhi, ugali na mchicha jioni? Mchicha hauna B12. Vitamini hii iko kwenye nyama, maini, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Nyumba nyingi nyama wanakula vijana, mzee anamiminiwa mchuzi eti hana meno. Maini hayawezi kukatwakatwa?

Hata anayekula nyama anaweza kupungukiwa, maana uzeeni tumbo hutoa asidi kidogo na vitamini haifyonzwi vizuri. Kutumia metformini ya sukari kwa miaka, au omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, kila siku, huongeza tatizo. Msimwachishe dawa, ombeni kipimo cha B12.

Dalili nyingine?
Ganzi au kuchomachoma miguuni, kuyumba hasa gizani, ulimi kuuma, uchovu, huzuni. Kwa mwenye kisukari, ganzi yote husingiziwa sukari.

Damu yake ilipimwa, ni ya kutosha. Tumsubirie?
Hapana! Mishipa ya fahamu inaweza kuharibika kabla damu haijapungua. Na vile vidonge vya kuongeza damu mnavyomnunulia kila mwezi mara nyingi vina asidi ya foliki, vitamini nyingine ya damu: vinaweza kurekebisha damu huku mishipa ikiendelea kuumia. Mnaona ameng'aa, mnatulia.

Tukimnunulia vitamini B za dukani?
Kwanza kipimo. Mwenye upungufu hutibiwa kwa sindano au vidonge vya dozi kubwa ya B12, kwa maelekezo ya daktari. Vidonge vya dukani huwa pia na vitamini B6, na B6 ikizidi kwa muda mrefu nayo inaleta ganzi. Na kama B12 yake iko sawa, kumwongezea hakutarudisha kumbukumbu. Tutafute sababu nyingine.

Anaweza kungoja hadi baada ya mavuno?
Hapana, hapana. Akitibiwa mapema anaweza kupata nafuu kubwa. Akicheleweshwa, ganzi na usahaulifu vinaweza kubaki moja kwa moja. Na akichanganyikiwa ghafla, mdomo ukapinda au mkono ukalegea, hiyo ni dharura: hospitali saa hiyo hiyo.

Mkija, bebeni dawa zake zote, za mitishamba pia, na aje mtu anayeishi naye.