Dawa iliyobaki ni nini na unaitupaje

Dawa iliyobaki ni dawa yoyote iliyopo ndani ambayo kwa sasa haina mgonjwa, iwe imeeksipaya, daktari kakubadilishia, au ulipata nafuu ukaona basi inatosha (antibayotiki hazikutakiwa kubaki kabisa kama ungemaliza dozi, ila hiyo kesi nyingine). Shida ya kuziacha ndani ni kwamba zinaishia kwenye matumizi mabaya. Wengi tukisikia matumizi mabaya ya dawa akili inakimbilia unga, kumbe hata kumeza kidonge alichoandikiwa mwenzio kwa vile na wewe mgongo unauma ni hayo hayo, kujiongezea dozi ni hayo hayo, kumeza ili upate stimu ndo usiseme.

Zinazosumbua sana ni za maumivu makali kama morfini na tramadoli, na za usingizi au wasiwasi kama diazepamu. Hizo za maumivu zinapunguza kasi ya kupumua, sasa mtu akizichanganya na diazepamu au pombe anaweza kulala na pumzi ikakatika humo humo usingizini, na waliopo ndani wanamsikia anakoroma kwa shida wanajua kachoka tu, wanamfunika shuka wanamwacha.

Haya, kutupa. Kwanza ulizia famasi au hospitali kama wanapokea. Usichome mwenyewe, moshi wake haufai kuvutwa na kopo la dawa ya pumu likipata moto linalipuka. Kama hakuna pa kupeleka, toa vidonge kwenye pakiti bila kuvisaga, changanya na kitu ambacho hakuna atakayetamani kukigusa, udongo au machicha ya kahawa, funga kwenye mfuko ndo utupe kwenye taka, na kwenye chupa futa jina lako. Chooni usimwage ovyo maana mitambo ya majitaka haiondoi dawa zote, nyingine zinafika mtoni kama zilivyo.

Ila kuna fentanili, dawa nyingine ya maumivu makali, ile ya kubandika kwenye ngozi. Inabanduliwa baada ya siku 3 hivi ukiamini imeisha, kumbe ndani bado ina dawa nyingi tu, mtoto akiiokota akajibandika kama stika au akaitafuna inaweza kumuua. Ile unaikunja katikati gundi igusane na gundi, na mamlaka ya dawa ya Marekani imeiweka kwenye orodha fupi ya dawa ambazo, ukikosa pa kuzirudisha haraka, unazitupa chooni na kuvuta maji palepale.