Je, wajua kwa nini video ya dakika nne hula siku nzima kutengenezwa?

Ukitazama kwenye simu video ya dakika nne ya mama anayefundisha kupika vitumbua, unaona kazi nyepesi: simu imeegeshwa mahali, mama kaongea, kapika, kamaliza. Kumbe dakika hizo nne huenda zimechambuliwa kutoka kwenye saa mbili za picha, na saa mbili hizo zilitokana na wazo lililopunguzwa mpaka likabaki swali moja. Hata mama akishamaliza, kompyuta nayo inaanza kupunguza kwa kiwango ambacho wengi hawakidhanii. Kutengeneza video ni kazi ya kuamua kipi kiachwe, hatua kwa hatua, na kuamua ndiko kunakokula muda.

"Vitumbua" peke yake ni mada, na mada haina mwisho. Ukiingia jikoni na mada tu utaeleza mchele, nazi na iliki, utasimulia bibi alivyokuwa akipika, na saa nzima ikipita hujui ukomee wapi. Wazo huzaliwa pale mada inapopata swali: kwa nini vitumbua vyangu vinaiva nje, ndani vikabaki vibichi? Hapo mambo yanaanza kujipanga. Moto ukiwa mkali, ganda hukauka na kuungua kabla joto halijafika katikati, kwa hiyo moto lazima uonekane. Rojo lisipoumuka vya kutosha hubaki zito na huchelewa kuiva, kwa hiyo bakuli la rojo lenye mapovu juu nalo lazima lionekane. Habari za bibi, hata ziwe tamu namna gani, zinangoja video yao.

Swali hilohilo ndilo linaloamua uanzeje. Kwetu Waswahili salamu ni heshima, na sioni sababu ya kuiacha. Lakini mtu aliyefungua video huku mafuta yanachemka, na bando lake linahesabiwa kwa MB, hastahili kungojeshwa dakika nzima akikaribishwa, akishukuriwa na kuombwa abonyeze kengele. Mwonyeshe kwanza kitumbua kilichokatwa katikati, unga mbichi unachuruzika. Mwambie leo tunatibu hili. Kisha msalimie.

Baada ya hapo andika utakayoyasema, uyasome kwa sauti ukiwa na saa, maana maandishi yanayoonekana mafupi kwa macho hurefuka mdomoni. Pembeni ya kila sentensi andika kitakachoonekana wakati inasemwa. Sentensi isiyo na picha itafutiwe picha au ifutwe.

Sasa kushuti, na hapa nataka tukae kidogo kwenye sauti, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Mtazamaji huvumilia picha hafifu. Sauti inayovuma kama ya kisimani humfukuza. Sababu yake ni ya kifizikia. Umbali kati ya mdomo na maiki ukiongezeka mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hushuka hadi robo. Simu iliyoegeshwa mita 2 kutoka kwako inapokea sehemu moja tu ya 16 ya nguvu ambayo ingeipata ikiwa nusu mita. Mwangwi wa jiko, ambao unatoka kwenye kuta zote, haupungui kwa kadiri hiyo. Matokeo yake maneno yanazama ndani ya mwangwi, na kuongeza sauti baadaye hakusaidii, kwa sababu mwangwi nao unapanda. Dawa ni kuisogeza maiki karibu na mdomo: ndogo ya kubana kwenye kola, au simu ya pili inayorekodi sauti tupu karibu na kifua. Kuta za vigae na bati hurudisha sauti. Khanga zilizotundikwa, mazulia na magodoro huinyonya. Ukirekodi sauti kando, piga kofi moja mbele ya kamera kabla hujaanza. Wakati wa kuediti, mlio wa kofi na picha ya viganja vikikutana ndivyo vitakavyokuonyesha mahali pa kuunganisha sauti na picha. Kibao kinachogongwa mbele ya kamera za filamu kina kazi hiyohiyo.

Upande wa mwanga kuna fumbo moja ambalo wengi wamekutana nalo: mistari ya giza inayopanda au kushuka kwenye picha iliyochukuliwa chini ya taa. Simu si mbovu. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda huzunguka mara 50 kwa sekunde, hivyo taa za tyubu za zamani na nyingi za LED za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, kasi ambayo jicho haliioni. Simu nyingi nazo huja zimepangwa kuchukua fremu 30 kwa sekunde (fremu ni picha moja moja zinazounda video), mwendo uliotokana na nchi kama Marekani, ambako umeme huzunguka mara 60. Mia moja haigawanyiki sawasawa kwa 30, basi kila fremu inanasa kiasi tofauti cha mwanga. Badilisha kamera iwe ya fremu 25, na kila fremu ipokee mwanga kwa 1/50 ya sekunde; kila fremu itapata mipigo miwili kamili ya taa na mistari itatoweka. Kama programu ya kamera haikupi nafasi ya kuchagua, zima taa ukae karibu na dirisha. Jua halipepesi.

Kuediti ndiko kunakokula saa nyingi zaidi. Mhariri hupitia kila klipu, anaweka kando zilizoharibika, kisha anaziweka nzuri kwenye mstari mmoja na kuanza kukata pumzi, "eeeh", na maneno yaliyorudiwa. Kila anapokata katikati ya maneno, uso wa msemaji unaruka ghafla. Ndiyo maana lazima urekodi picha za kufunika: rojo likimiminwa, mafuta yakichemka, mkono ukigeuza kitumbua kwa kijiti. Sauti inaendelea chini yake na kiungo hakionekani. Njia nyingine ni kukata wakati kitu kinatembea. Mkono ukianza kuinua upawa kwenye picha ya mbali na kumalizia kwenye picha ya karibu, jicho la mtazamaji linaufuata mkono, wala halijali kwamba picha imebadilika.

Mpangilio wenyewe una nguvu ya kuogopesha. Yapata miaka 100 iliyopita, mwongozaji wa filamu wa Kirusi Lev Kuleshov aliuunganisha uso uleule wa mwigizaji, usioonyesha hisia yoyote, na picha tofauti: sahani ya supu, kisha jeneza. Watazamaji waliona njaa mara ya kwanza na majonzi mara ya pili, ilhali uso haukubadilika hata kidogo. Hivyo mtoto anayetafuna akiwekwa baada ya kitumbua kizuri, anaonekana kuridhika. Akiwekwa baada ya kilichoungua, anaonekana kuteseka. Anayeediti anaweza kusema uongo bila kutamka neno. Mtoto huyo aoneshwe akila kile alichokila kweli.

Video ikikamilika inahifadhiwa kama faili moja, na hapa kompyuta inaingia kazini. Picha moja ya 1080p ina nukta 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni 2. Kila nukta ikipewa baiti 3 za rangi, fremu moja inafika takriban MB 6.2. Kwa fremu 25, sekunde moja ni MB 155, na dakika nne ni GB 37 hivi. Hakuna bando la kubeba mzigo huo. Faili inayopandishwa YouTube kwa kiwango cha megabiti 8 kwa sekunde, yaani MB 1, ina MB 240 tu, yaani takriban sehemu moja kwa 150.

GB zilizobaki zimekwenda wapi? Nyingine ni rangi: jicho la binadamu hutambua mwanga na kivuli vizuri kuliko rangi, kwa hiyo kila nukta nne hugawana taarifa moja ya rangi. Lakini pakubwa pamepunguzwa kwa kutorudia. Kompyuta inahifadhi picha moja kamili, kisha kwa fremu zinazofuata inaandika kilichohama na kilichobadilika tu, kama mlinzi wa usiku anayeripoti lango lililofunguka badala ya kuorodhesha kila jiwe la ua. Ukuta wa jiko usiotikisika haugharimu karibu chochote. Simu ikitikiswa mkononi, kila nukta inahama kwa wakati mmoja, nafasi haitoshi, na picha inaanza kuvunjika miraba miraba. Mvua, moshi na majani yanayopepea huleta shida hiyohiyo. Kwa hiyo kitegemeo cha simu, hata kiwe rundo la matofali, hununua ubora ambao kamera ghali haiwezi kuuokoa.

Safari haijaisha ukishapandisha. YouTube yenyewe inatengeneza nakala kadhaa za video yako, kuanzia 144p yenye ubora wa chini kwenda juu, na kila nakala inakatwa vipande vya sekunde chache. Simu ya mtazamaji inaomba kipande kimoja kimoja kulingana na nguvu ya mtandao wakati huo. Ndiyo maana picha hufifia basi likiingia bondeni na kung'aa tena likipanda mlima. Nakala ndogo hukamilika kwanza, kubwa hufuata baadaye. Ukiitangaza video dakika ileile iliyopanda, watazamaji wa kwanza watakuta ukungu. Iache kwanza kwenye hali ya faragha, uitazame yote kwenye simu ya bei nafuu kwa spika yake yenyewe, na 1080p ikishatokea kwenye orodha ya ubora, ifungulie watu.