Ami, nikiacha unga mziki si utaniondoka?

Hili swali naulizwa kila mara na vijana wa unga, yaani heroini, wanaokaa kwenye benchi wakingoja methadoni yao ya asubuhi, ile dawa ya kuwasaidia kuacha. Mi ni mshauri wa waraibu hapa Malindi na kabla ya hapo nilipiga besi miaka kadhaa kwenye mahoteli ya huku Casuarina na Silversands, kwa hivo watu wa gita wananijia sana, wengine wanakuja na ushahidi tayari kwa simu, picha ya Hendrix, picha ya Kurt Cobain, ati ami hawa wote walikua wanatumia na ndio wakali wa rock, sasa mbona waniambia niache?

Kuna ukweli ndani yake na sitauficha. The Beatles walivuta bangi na Bob Dylan New York mwezi wa nane 1964, mwaka uliofuata LSD, ile dawa ya kuvuruga fahamu, ikawafikia wawili wao, John Lennon na George Harrison, na ukisikiliza walichorekodi 1966 ni kama bendi nyingine. LSD inashika vipokezi vya serotonini, moja ya kemikali za kupeleka ujumbe kwenye ubongo, sauti na rangi zinatoka kwa mpangilio uliozoea, kwa hivo naamini inaweza kumpa mtu wazo ambalo hangelipata. Lakini wazo sio wimbo jamani. Kwenye wimbo mmoja wa mwaka huo Lennon alitaka sauti yake isikike kama mtu anaimba juu ya mlima, na aliyeitengeneza ile sauti ni injinia wa miaka 20, Geoff Emerick, akaipitisha kwenye spika ya Leslie, ile inayozunguka ya kinanda cha Hammond, tepu zikakatwa zikaungwa ziwe duara, zikazunguka kwa mashine kadhaa pamoja huku watu wamezitegea penseli zisilegee. Na aliyesimamia yote hayo ni George Martin, mtu aliyesomea mziki chuo cha Guildhall London. Kazi kama hiyo haifanyiki na mkono unaotetemeka.

Tena miaka ya nyuma kule Hamburg, Ujerumani, hao Beatles walikua wanameza vidonge vya Preludin ili wasilale, manake walipiga masaa mengi kila usiku. Vidonge viliwaacha macho tu, vidole vilinolewa na yale masaa.

Bangi nayo ina mchezo wake ambao kila aliyekaa maskani anaujua, usiku ule umetunga kitu unaona hakuna kama hicho duniani, asubuhi unakisikiliza kwa simu, koodi mbili zinazungukana dakika tisa. Watafiti wa chuo cha Leiden Uholanzi walichukua watu waliozoea kuvuta, wakawapa wengine kipimo kikubwa wengine kidogo wengine dawa bandia, na waliopewa kikubwa walifanya vibaya kabisa kwenye zoezi la kubuni mawazo mapya. Marekani pia wakapima, wakakuta waliovuta hawakubuni vizuri zaidi lakini walikua na furaha zaidi, na kwa furaha ile wakaona mawazo yao mazuri, hata ya wenzao wakayaona mazuri. Yaani stimu inampanda yule hakimu aliye ndani yako, fundi anabaki palepale alipokua.

Sasa unga. Hapa ndio nataka tukae manake hapa ndio watu wangu wanakufa.

Heroini haifungui chochote, inazima. Inazima maumivu, inazima wasiwasi, ukizidisha inazima ile sehemu ya ubongo inayokukumbusha kupumua. Janis Joplin, mwimbaji wa rock, ilimuua 1970 akiwa na miaka 27. Charlie Parker wa jazi, ambaye vijana wengi waliiga sindano yake wakidhani watapata na vidole vyake, alisema mwenyewe 1949 kwamba mwanamziki anayedai anapiga vizuri zaidi akiwa amelewa ni mwongo, na huyo alikufa 1955 na miaka 34 tu. Eric Clapton, mpiga gita, alipozama mwanzoni mwa miaka ya sabini alijifungia nyumbani kama miaka mitatu, kazi karibu hakuna. Naelewa kwa nini, manake nimeona siku ya teja ilivyo, unaamka na arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, unatafuta pesa ya kete, unatafuta kete yenyewe, unapata, saa chache umerudi kwa arosto. Gita litapigwa saa ngapi? Mara nyingi lishauzwa zamani.

Lakini kuna jambo moja ambalo hatulisemi vizuri sisi washauri na ndilo linalowarudisha wengi maskani. Mtu akiacha, miezi ya kwanza anashika gita na hasikii KITU. Sauti inatoka, vidole vinajua njia, lakini moyoni kweupe, kama anapiga ukuta. Basi anajiambia, kumbe kweli, mziki ulikua ndani ya unga. Mi mwenyewe zamani nilikua namwambia mtu vumilia tu, na nilikosea, ilitakiwa nimweleze. Ubongo uliozoea kuletewa raha kwa nguvu unakua umepunguza njia zake za kupokea raha ndogondogo, chakula hakina ladha, mpira hauna utamu, mtoto akicheka huhisi, sio gita peke yake. Inachukua miezi, wengine inapita mwaka. Kipaji hakijaenda popote, kinachouguza jeraha ni kile kinachosikia.

John Coltrane, mpiga saksafoni wa jazi, alifukuzwa kwenye bendi na Miles Davis 1957 kwa sababu ya heroini, akaacha mwaka huohuo, na A Love Supreme, albamu yake kubwa, aliirekodi mwezi wa kumi na mbili 1964. Angejipima kwa wiki zile za kwanza tungemkosa.

Na sisi watu wa huku tusijifanye hatujui mziki wa kumtoa mtu nafsini bila kutumia kitu. Nenda Lamu wakati wa Maulidi pale msikiti wa Riyadha, sikiliza twari, zile ngoma ndogo za mkononi, zikichanganya, safu za vijana zinayumba pamoja, mwili wote unasisimka, na walichokunywa ni kahawa.

Kuna kijana mmoja wa mtaa wa Barani, jina lake naliweka, alianza methadoni akiwa ameuza magita mawili. Nkamuazima langu la nyuzi za nailoni nkamwambia sitaki wimbo, nataka dakika kumi kila siku hata kama huhisi, na urekodi kwa simu. Mwezi wa pili akalirudisha, akasema ami hili gita bovu. Nkalipiga mbele yake, nkalitundika tena pale ofisini, sikumwambia kitu. Akarudi kulichukua baada ya wiki tatu hivi. Mwezi wa saba alinitumia voisi usiku wa manane, bango tupu, ule mziki wetu wa pwani, sehemu moja anakosea, anasimama, anacheka, anairudia ile sehemu mara nne mpaka ikakaa. Hiyo voisi ninayo mpaka leo, na gita langu bado hajanirudishia.