Mchezo wa maumbile: jiwe linapoanza kuchora kabla ya mchoraji

Zamani, msomi wa Ulaya akiokota jiwe lenye umbo la samaki au kombe, mara nyingi hakuwaza kwamba kiumbe hicho kiliwahi kuishi. Alisema ni *lusus naturae*, maneno ya Kilatini yenye maana ya mchezo wa maumbile. Iliaminika kwamba maumbile nayo ni fundi, na kwamba wakati mwingine hujifurahisha kwa kuchezea maumbo tu.

Mfano unaonivutia kuliko yote ni jiwe fulani la Toscana, Italia. Ukilipasua na kuling'arisha, ndani unakuta mistari ya kahawia iliyokaa kama mji uliobomoka chini ya mbingu nzito. Katika karne ya 17 wachoraji waliyachukua mawe hayo wakaongeza watu wadogo kwa brashi, magofu wakayaacha jinsi jiwe lilivyoyatoa. Picha moja, mafundi wawili.

Wanasayansi waliivunja imani hiyo polepole. Mwaka 1667 Nicolaus Steno, baada ya kupasua kichwa cha papa mkubwa, alieleza kwamba yale yaliyoitwa mawe ya ulimi, kwa kuwa yana umbo kama la ulimi, ni meno ya papa wa kale.

Lakini wachoraji wa usurealisti, waliopenda picha za kindoto, waliurudia mchezo huo. Agosti 1925, katika hoteli moja ya Pornic, pwani ya Ufaransa, Mjerumani Max Ernst aliduwaa akitazama mbao za sakafu zilizochakaa. Akatandaza karatasi juu yake, akasugua kwa penseli. Nyuzi za mbao zikatoka zikiwa misitu, ndege na wanyama wasio na jina. Mwaka 1926 alichapisha picha 34 za namna hiyo, akiziita *Histoire naturelle*, yaani historia ya viumbe, jina zito la vitabu vya wataalamu wa zamani.

Baadaye akawa anabandika kioo au karatasi juu ya rangi mbichi na kukibandua, rangi ijitawanye yenyewe. Ndivyo alivyotengeneza *Ulaya Baada ya Mvua II*, aliyoianza Ufaransa wakati wa vita na kuimaliza Marekani mwaka 1942. Mna miamba inayofanana na matumbawe na nyama iliyooza, na katikati amesimama mtu mwenye kichwa cha ndege. Nikiitazama, huyo ndege najua ni wa Ernst. Miamba ile siwezi kusema ni ya nani.