Nyumba ya rais wa chuo ina wenyewe

Kwanza tuelewane kwenye jina. Rais wa chuo kikuu cha Marekani si mkuu wa chuo wa kwetu, yule anayevaa joho siku ya mahafali, akatunuku shahada na kwenda zake. Ni sawa na makamu mkuu wa chuo, bosi wa kila siku. Ila kule, akiajiriwa yeye, mara nyingi mwenza wake naye anaingia kazini bila barua ya ajira.

Woodrow Wilson, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa Marekani, aliposhika urais wa Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1902, familia ilihamia Prospect, jumba lililo ndani ya eneo la chuo. Mkewe, Ellen Axson Wilson, alikuwa mchoraji aliyesomea sanaa New York, na mama wa mabinti watatu. Sasa wageni wa chuo wakawa wageni wake. Mwaka 1904 alipanga bustani ya maua nyuma ya nyumba. Mwaka huohuo umati wa mashabiki wa mpira ukakatisha na kukanyaga kiwanja cha nyumba, Wilson akazungusha uzio wa chuma, wanafunzi wakanuna. Wao walijua ile ni njia. Familia ilijua ule ni ua wa nyumba. Kila upande ulikuwa na haki yake kidogo. Wilson alipoacha kazi mwaka 1910, bustani ilibaki na chuo. Ipo mpaka leo, ingawa tangu 1968 marais wanakaa kwingine. Ellen alipofika Ikulu ya Marekani mwaka 1913, alianza bustani nyingine, ya mawaridi. Huyo mama hakuchoka!

Hata sheria ya kodi ya kule inalitambua jambo hili. Ili thamani ya nyumba isihesabiwe kuwa kipato cha mfanyakazi, ni lazima iwe kwenye eneo la mwajiri, kwa manufaa ya mwajiri, na kuishi humo kuwe sharti la kazi. Maana yake mwenza analala kazini.

Chuo Kikuu cha California kimelipa suala hili sura rasmi: mwenza hupewa cheo cha mshirika wa rais au wa chansela, ambaye kule ni mkuu wa kampasi moja ya chuo hicho. Cheo hicho hakina mshahara, lakini akisafiri kwa shughuli za chuo hurudishiwa gharama. Ni kidogo, ila ni afadhali kuliko ahsante ya mdomo. Wengine wana kazi zao: Drew Faust alipokuwa rais wa Harvard kuanzia 2007, mumewe, Charles Rosenberg, alikuwa profesa wa historia ya tiba hapohapo.

Anayeingia kwenye nyumba ya namna hii aulize mapema, na majibu yaandikwe: mpishi analipwa na nani? Wageni mwisho saa ngapi? Chumba kipi hakiingiliwi? Tena vikombe vya chuo viorodheshwe mbali na vya familia tangu siku ya kwanza. Siku ya kuhama, au ya msiba, si ya kubishania sahani.