Taa za urembo kwenye keria ya gari: zipi ziwake barabarani na zipi zizimwe

Malalamiko kuhusu magari yenye keria zinazowaka yamekuwa mengi, na kila sisi wakaguzi wa magari tunapofanya kampeni ya kukagua taa tunakutana na sababu ileile. Wenye magari wengi hawana nia mbaya. Wameaminishwa tu kwamba taa ikiitwa ya urembo, sheria ya taa haiihusu. Inaihusu. Taa yoyote inayoonekana kutoka nje gari likiwa barabarani ni taa ya gari, hata kama aliyeifunga alitaka kupendezesha tu.

Tuanze na rangi, maana huko ndiko makosa mengi yaliko. Mkataba wa Vienna wa usafiri wa barabarani wa mwaka 1968 na Kanuni Na. 48 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu ufungaji wa taa kwenye magari, zinakubaliana katika jambo moja: gari lisitoe mwanga mwekundu kuelekea mbele, wala mwanga mweupe kuelekea nyuma isipokuwa ule wa rivasi. Hili halikuwekwa kwa sababu ya mwonekano. Usiku dereva mwenzako halioni gari lako, anaona nukta za mwanga, na kwa rangi ya nukta hizo anaamua kama unamjia au unamwacha. Ukanda wa taa nyekundu uliofungwa ukingo wa mbele wa keria unamwambia kwamba unakwenda alikoelekea yeye, kumbe mnakutana. Akiingia kulipita lori lililo mbele yake kwa imani hiyo, muda wa kurudi upande wake hautoshi.

Rangi ya chungwa inawachanganya wengi, na nakiri inahitaji maelezo. Kanuni ya Marekani inayojulikana kama FMVSS 108 inataka gari lenye upana wa inchi 80, yaani milimita 2032, au zaidi, liwe na taa tatu za utambulisho juu katikati, za chungwa mbele na nyekundu nyuma. Kutoka kitovu cha taa moja hadi cha nyingine pasipungue inchi 6 wala pasizidi 12. Pembeni kunakuwa na taa nyingine za kuonyesha upana. Ndiyo maana baadhi ya pikapu kubwa zinatoka kiwandani zikiwa na vitaa hivyo. Katika Kanuni Na. 48 taa za kuonyesha upana ni lazima kwa gari linalozidi mita 2.10, na za mbele ni nyeupe, si za chungwa. Sasa mtu anaviona vile vitatu kwenye pikapu, anavipenda, anavifunga kwenye keria ya gari dogo. Anayekuja mbele kwenye daraja jembamba anaona dalili za gari pana, anabana pembeni kuliko inavyohitajika, na pembeni kuna ukingo au watembea kwa miguu.

Kuhusu bluu na vimulimuli, maelezo ni mafupi. Katika nchi nyingi bluu inayomweka ni ya polisi, zimamoto na gari la wagonjwa. Tusiambiwe tena kwamba ni bluu iliyofifia, au kwamba inawaka bila kumweka. Dereva anayeiona kwenye kioo chake anasogea kupisha, na siku ya gari la wagonjwa la kweli anasitasita.

Kanda nyingi za keria huuzwa na rimoti yenye vitufe vya rangi zote: nyekundu, kijani, bluu, nyeupe, na chini kabisa vitufe vya kumweka na kufifia. Mwenye gari hutuambia kwamba yeye hutumia nyeupe peke yake. Sisi hatukagui tabia ya dereva, tunakagua uwezo wa kifaa. Rimoti ikitoa bluu inayomweka, fomu inaandikwa kwamba gari lina bluu inayomweka.

Upo pia ule ukanda mpana wa mwanga mkali unaofungwa juu ya kioo cha mbele. Muuzaji atakutajia lumeni, ambazo ni jumla ya mwanga wote unaotoka. Kanuni inaangalia kandela, yaani ukali wa mwanga kuelekea upande fulani, na Kanuni Na. 48 inaweka kikomo cha kandela 430,000 kwa taa zote za fulu zinazoweza kuwaka pamoja. Halafu kuna kimo. Taa za kupishana hufungwa kati ya milimita 500 na 1200 kutoka ardhini kwa magari ya kawaida, ili mwanga wake ukatwe chini ya macho ya anayekuja. Ukanda ulio juu ya paa umepita kimo hicho kwa mbali na hauna mkato wowote. Nchi zinazouruhusu kwa safari za porini kwa kawaida hutaka uwake pamoja na fulu tu, au ufunikwe na kava gari likiwa barabara kuu. Na hata anayeutumia haumsaidii anavyodhani. Washa usiku wa mvua uangalie boneti: bati lote linang'aa, matone mbele ya kioo yanageuka pazia jeupe, na macho ya dereva yanazoea mwanga huo wa karibu hadi hayaoni tena kilicho gizani mbele.

"Ni LED, hazili umeme." Ukanda wa kawaida wa volti 12 wenye LED 60 kubwa kwa mita hula takriban wati 14.4 kwa kila mita. Keria yenye mita nne inafika wati 58 hivi, karibu ampea 5. Ukiiacha ikiwaka saa kumi gari likiwa limezimwa, umetoa takriban ampea-saa 48, na betri za magari mengi madogo ni za kati ya 40 na 60. Asubuhi gari haliwaki.

Lakini betri kuisha si tatizo kubwa kuliko waya ulivyounganishwa. Fundi mwenye haraka hupasua waya wa taa za paki na kuunga hapo, kwa sababu ni rahisi na keria inawaka kila taa za paki zinapowaka. Maji yakiingia kwenye kiungo cha juu, fyuzi inakatika, na fyuzi hiyo ndiyo ya taa zako za nyuma. Unaendelea na safari usiku bila kujua kwamba nyuma huonekani. Keria ipewe waya wake kutoka kwenye betri, fyuzi yake karibu na betri, na rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme. Kingine ambacho mafundi wengi hawakijui: magari mengi ya sasa yana mifuko ya hewa ya pembeni iliyokunjwa ndani ya ukingo wa paa, juu ya milango. Waya ukipenyezwa kwenye nguzo ya kioo cha mbele na kufungwa juu ya mfuko huo, unaweza kuuzuia kufunguka. Tundu la drili sehemu hiyo ni hatari zaidi. Fundi asiyeweza kukuonyesha mifuko hiyo ilipo asiguse paa la gari lako.

Sasa ukaguzi wenyewe, maana wengi hufika wakiwa na hofu isiyo na sababu. Mkaguzi anaanza na gari likiwa limezimwa. Anawasha swichi ya keria na kuangalia rangi inayoonekana mbele, nyuma na pembeni, akisimama hatua kadhaa kutoka kwenye gari. Kisha anawasha injini na kuangalia kama keria imejizima. Anawasha taa za paki, za kupishana, fulu, indiketa na breki, moja baada ya nyingine, akitazama kama mwanga wa keria unaifunika yoyote. Indiketa inapaswa kumweka kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, na isipotimiza hapo waya utafuatiliwa. Anatafuta alama ya herufi E ndani ya duara, yenye namba ya nchi iliyoidhinisha: E1 ni Ujerumani, E2 Ufaransa, E4 Uholanzi. Alama hiyo inathibitisha taa yenyewe, haithibitishi mahali ulipoifunga. Mwisho anavuta keria kwa mkono kuona kama imelegea, na anasoma uzito unaoruhusiwa juu ya paa kwenye kitabu cha gari.

Kiwango cha faini hutofautiana nchi na nchi, ila hatua zinafanana. Kosa dogo, kama ukanda mweupe unaoonekana pembeni, kwa kawaida hupewa hati ya marekebisho yenye tarehe ya mwisho. Tarehe ikipita bila gari kurudishwa, faini inaanza kuhesabiwa, na kosa linakuwa la mwenye gari hata kama siku ile aliendesha mtu mwingine. Nyekundu mbele, bluu, au mwanga unaomweka huweza kusababisha gari kuzuiwa papo hapo mpaka taa ikatwe umeme. Kufunika kwa tepu hakukubaliki kama marekebisho. Ajali ikitokea, kampuni ya bima inaweza kuuliza kama badiliko hilo liliripotiwa, na jibu la "sikujua" halimsaidii mteja. Wanaojisifu kwamba huzima wakimwona askari wafahamu kwamba anayepofushwa kule mbele hana sare, na ndiye wa kwanza kupigia simu.

Haya yote hayana maana kwamba keria yenye taa imekatazwa. Gari likiwa limesimama nje ya barabara, mwanga mweupe wa kushushia mizigo au kuonea ngazi ni msaada mkubwa. Kanuni Na. 48 yenyewe inatambua taa za nje za kumsaidia mtu kuingia na kutoka, kwa msingi kwamba gari limesimama, na injini imezimwa au mlango uko wazi. Mwambie fundi aunge rilei itakayokata umeme wa keria mara injini inapowaka. Kazi hiyo haichukui muda mrefu na inaondoa mabishano yote.

Ukija kukaguliwa upya, leta hati ya marekebisho, risiti ya fundi inayotaja kazi aliyofanya, kitabu cha gari, na rimoti ya keria ikiwa na betri nzima. Bila rimoti mkaguzi hataweza kufunga faili, na utapangiwa siku nyingine.